Kichwa Kinachopiga Kama Radi: Kutafuta Chanzo Kabla Hakijarudi

Mdogo wangu alinipigia simu kutoka Nyalenda, Kisumu, saa mbili asubuhi, mtoto wake akiwa na siku sita. Mimi ni afisa wa kliniki hapa Nakuru, na asubuhi hiyo foleni ya wagonjwa ilikuwa imefika mlangoni. "Dada, kichwa kiliniuma usiku mpaka nikalia. Sasa kimepoa." Nikamuuliza kama ana homa. Hana. Nikamuuliza kama amekula. Kidogo. Nikamwambia anywe maji, ameze Panadol mbili, alale mtoto anapolala. Sikumuuliza kilianza vipi.

Siku tatu baadaye kikarudi, alipoinama kujimwagia maji ya moto bafuni. Kikaja tena alipokohoa. Mara ya nne kilipompiga, mama mkwe wake ndiye aliyenipigia, akanieleza lile ambalo ningepaswa kuliuliza siku ya kwanza. "Hakiji polepole, mwanangu. Anakuwa mzima kabisa, halafu anapiga yowe, anashika kichwa kama mtu aliyepigwa rungu."

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya simu kama ile: wewe uliye upande huu na ndugu yako aliye upande ule. Dalili nimezitaja jinsi watu wanavyozisema, na chini ya kila moja nimeeleza kinachoweza kuwa kinaendelea ndani ya kichwa na la kufanya.

Anza na saa, si ukali

Ukimuuliza mgonjwa wa malaria, atakuambia kichwa kinapasuka. Mwenye kipandauso atasema hivyo hivyo, na mtu aliyeshinda juani bila maji pia. Ukali hautenganishi chochote. Kinachotenganisha ni muda uliopita kati ya kuwa mzima na kufikia pale pabaya kabisa. Maumivu yanayofika kileleni ndani ya dakika moja yana jina lake kwa madaktari: maumivu ya radi. Watu wa Kisii na Kakamega, ambako radi hupiga mara kwa mara, hawahitaji kufafanuliwa zaidi.

Usiulize, "Kilianza ghafla?" Karibu kila mtu atajibu ndiyo. Uliza, "Ulikuwa unafanya nini kilipoanza?" Aliyepigwa na radi atakutajia kitendo chenyewe: nilikuwa nimeshika mwiko, nilikuwa nafunga kamba za viatu, nilikuwa nimechuchumaa chooni. Ambaye kichwa kilimpanda taratibu atasema, "Jana, kuelekea jioni hivi." Kisha uliza kama kabla ya kufika pale pabaya angeweza kuhesabu mpaka 60.

Kama jibu ni radi na hajawahi kupimwa kwa sababu hiyo, matibabu ya nyumbani yameishia hapo. Aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama maumivu yamekwisha na anacheka na watoto. Naomba hili lishikwe kuliko yote niliyoandika hapa: kuisha kwa maumivu ya radi si kupona. Yanayofuata ni ya kukusaidia kujua hospitali inatafuta nini na wewe unapaswa kuwaambia nini. Si ya kukufanya uchague chanzo ukiwa sebuleni.

"Kilikuja mara moja tu, anatapika, shingo imekaza"

Hili ndilo la kwanza kuondolewa shaka, kwa kuwa ndilo linaloua haraka. Mshipa wa damu chini ya ubongo unaweza kuwa na sehemu dhaifu iliyotokeza, kama tyubu ya baiskeli inavyotoa uvimbe pale mpira ulipochoka. Uvimbe huo ukipasuka, damu humwagika juu ya ubongo. Maumivu huja kwa sekunde chache, mara nyingi pamoja na kutapika, mwanga kuumiza macho, na baada ya saa kadhaa shingo kushindwa kuinama kidevu kifike kifuani. Wengine huzimia palepale. Mtu aliyezimia kidogo kisha akazinduka akilalamika kichwa ni mgonjwa wa dharura, hata kama anaongea vizuri.

Saa zina maana kubwa hapa. Skani ya CT ikifanywa ndani ya saa 6 tangu kichwa kianze, kwenye mashine nzuri na ikasomwa na mtaalamu wa picha, ni nadra sana damu hiyo kukosa kuonekana. Kadiri muda unavyosonga damu inayeyuka, na baada ya juma moja skani inaweza kuonyesha kichwa kisafi kwa mtu aliyevuja damu kweli. Tena uvimbe uliopasuka mara moja una hatari kubwa ya kupasuka tena, hasa ndani ya saa 24 za kwanza. Kwa hiyo "tungoje tuone kesho" ni kukosa mambo mawili kwa pamoja.

Asipewe aspirini wala ibuprofeni njiani. Soma karatasi ya dawa, kwani tembe nyingi za kichwa zinazouzwa madukani zina aspirini ndani yake, na aspirini huzuia damu kuganda. Paracetamol peke yake haina shida hiyo. Na asipandishwe boda. Mtu anayeweza kuzimia au kupata kifafa barabarani abebwe kwa gari, awe amelala au ameegemea mtu, hata kama ni Probox ya jirani. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupatikana kwa 1199.

"Kinakuja, kinaisha, kinarudi"

Hapa ndipo alipokuwa mdogo wangu, na hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu kichwa kinachoisha hakitishi.

Ateri za ubongo, yaani mishipa inayopeleka damu huko, zina misuli myembamba kwenye kuta zake. Kazi ya misuli hiyo ni kubana na kulegea ili ubongo upate damu ya kutosha, wala isizidi. Katika ugonjwa huu, ambao hapa nitauita ugonjwa wa ateri kubanwa, udhibiti huo unavurugika kwa muda. Mshipa unabana mahali fulani, unapanuka mbele kidogo, unabana tena, hata ukipigwa picha unaonekana kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Hakuna uchafu uliokwama, hakuna mdudu, wala mshipa haujaziba kabisa. Ni misuli iliyoshikwa na mkazo. Gregory Call na Marie Fleming, pamoja na wenzao, waliueleza mwaka 1988, na kwa miaka mingi uliitwa kwa majina yao wawili. Ulikuwa na majina mengine pia, kwa kuwa kila idara iliuona kwa jicho lake: waliozalisha akina mama waliupa jina lao, wa kipandauso lao, wa dawa lao. Mwaka 2007 ikapendekezwa yote yawekwe chini ya jina moja linalomaanisha kubanwa kwa mishipa ya ubongo kunakorudi katika hali ya kawaida, kwa kifupi cha Kiingereza RCVS. Kurudi huko kwa kawaida hukamilika ndani ya miezi 3.

Alama yake ni mfululizo: radi moja, kisha nyingine baada ya siku moja au mbili, kisha nyingine, kwa wiki moja mpaka tatu. Wastani ni mara nne hivi. Kila pigo huwa kali kwa saa moja mpaka tatu, na katikati hubaki maumivu mepesi ambayo mtu anaweza kupika nayo, kufua nayo, hata kwenda kazini nayo. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na umri unaoonekana sana ni wa miaka arobaini na kidogo, ingawa vijana pia hupata.

Kinachoamsha pigo mara nyingi ni jambo la kawaida kabisa: kujikamua chooni, kukohoa, kupiga chafya, kucheka kwa nguvu, kuinama, kuinua mtungi wa lita 20, kujimwagia maji ya moto, kuogelea, hasira, kilio, au tendo la ndoa. Ukisikia mtu anasema kichwa kilimpiga chooni, kisha bafuni, kisha kitandani na mwenzake, usione kama ni visa vitatu tofauti. Ni kisa kimoja kilichobisha hodi mara tatu.

Kuhusu tendo la ndoa naomba niseme waziwazi, kwa sababu kunyamaza kumeumiza watu. Huku kwetu mtu akishikwa na maumivu makali akiwa na mwenzake, fikra za kwanza ni aibu, za pili ni tuhuma. Wapo watakaosema ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, wapo watakaouliza alikuwa na nani juzi. Mgonjwa anaficha. Anafika hospitali anasema, "Nilikuwa nimelala tu," na daktari anapoteza ile habari ambayo ingemwonyesha njia. Mshipa hauulizi kama ni mke wa ndoa. Msisimko hupandisha presha kwa ghafla, na mshipa uliokwisha kuvurugika unabana. Mwambie mhudumu wa afya kama ilivyokuwa. Sisi tunasikia mambo hayo kila siku.

Je, ugonjwa huu unaua? Kwa wengi unaisha bila kuacha alama. Lakini usiuchukulie wepesi. Katika wagonjwa 67 wa Paris walioelezwa mwaka huo wa 2007, takriban 22 kati ya kila 100 walivuja damu kidogo juu ya uso wa ubongo, 6 kati ya 100 walivuja ndani ya ubongo, na 4 kati ya 100 walipata kiharusi cha kukosa damu. Na tazama mpangilio wa wakati: kuvuja damu na kifafa vilikuja zaidi wiki ya kwanza, viharusi vikaja wiki ya pili. Inadhaniwa ni kwa sababu mkazo huanzia kwenye mishipa midogo ya pembeni, ukasonga kuelekea mikubwa iliyo ndani. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuwa na maumivu yanayopungua huku hatari ya kiharusi inaongezeka. Udhaifu wa mkono au mguu, mdomo kwenda upande, maneno kukwama, macho kupoteza sehemu ya picha, au degedege katika wiki hizo ni sababu ya kurudi hospitali usiku huo huo.

"Amejifungua juzi tu"

Kichwa cha mzazi kina vyanzo vingi, na nyumbani vyote hupewa jina moja: uchovu. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo.

Uliza kwanza kama alichomwa sindano ya ganzi mgongoni wakati wa upasuaji. Kama alichomwa, na kichwa kinauma akikaa au akisimama lakini kinatulia ndani ya dakika chache akilala chali, huenda maji ya uti wa mgongo yanavuja pale sindano ilipopita. Hutokea ndani ya siku 5 hivi, mara nyingi hupona, na hospitali ina namna ya kukusaidia kikikataa kupona. Mdogo wangu alijifungua kwa njia ya kawaida, hakuchomwa chochote mgongoni. Hilo likaondoka.

Pili, presha. Wengi wanaamini kifafa cha mimba huisha mtoto akizaliwa. Si hivyo, kinaweza kuja mpaka wiki 6 baada ya kujifungua, hata kwa mama ambaye presha yake ilikuwa nzuri kliniki zote. Kichwa kinachouma pamoja na kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, au uso kuvimba ni cha kupimwa presha leo. Ikifika 140/90 ni tatizo, ikifika 160/110 ni dharura. Mashine ya presha iko kwenye zahanati nyingi, na mhudumu wa afya ya jamii anaweza kukuelekeza iliyo karibu. Hiki ndicho kipimo cha bei ndogo kuliko vyote nitakavyovitaja hapa, na ndicho kinachorukwa mara nyingi.

Tatu, damu kuganda kwenye mishipa inayotoa damu ubongoni. Damu ya mzazi huganda upesi kuliko ya mtu mwingine, zaidi akiwa na kiu au maambukizi. Kichwa hiki kwa kawaida hupanda siku hadi siku, macho yanafifia, na kifafa kinaweza kufuata. Mara chache huanza kama radi. Wanaotumia tembe za kupanga uzazi zenye estrojeni nao wako kwenye kundi hili. Skani ya kawaida inaweza kuikosa, kwa hiyo daktari huomba picha ya mishipa yenyewe.

Nne, ateri kubanwa. Kwa wazazi hutokea zaidi wiki ya kwanza au ya pili, na mara nyingi mimba ilikuwa haina shida yoyote. Inaweza pia kuja pamoja na presha ya mimba, kwa hiyo kuipata moja hakuifuti nyingine. Kwa wazazi ugonjwa huu unaweza kuwa mkali kuliko kwa wengine. Sitaki kumtisha mama aliyejifungua, nataka tu asiambiwe ni usingizi.

Vyanzo vingine, kwa ufupi

Kuna homa pamoja na kichwa na shingo ngumu: fikiria homa ya uti wa mgongo, na usiridhike na kipimo cha malaria peke yake. Malaria ipo Kisumu, Siaya na Busia mwaka mzima, kwa hiyo kuikuta kwenye damu hakuthibitishi kwamba ndiyo inayoumiza kichwa. Kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, kichwa kinachouma kwa siku au wiki bila kuacha, hata kama hakikuanza ghafla, kinahitaji kipimo cha fangasi ya kriptokoka.

Watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa na kizunguzungu kwa pamoja, nanyi mlilala na jiko la makaa ndani: ni sumu ya moshi usioonekana. Molo na Njoro kuna baridi na jambo hili linaua. Fungua milango, watoe watu nje kwanza, simu baadaye.

Maumivu yalianzia shingoni upande mmoja, labda baada ya kuanguka na boda au baada ya kinyozi kumzungusha shingo mpaka ikalia: ukuta wa ateri ya shingo unaweza kuwa umechanika. Tazama macho yake. Kope moja ikishuka na mboni ya jicho hilo ikawa ndogo kuliko ya pili, mwambie daktari hivyo hivyo. Na huyo kinyozi asiguse tena shingo ya mtu.

Kipandauso nacho kipo, na wengi wanacho. Lakini hupanda kwa dakika nyingi mpaka saa. Mwenye kipandauso cha miaka kumi akipigwa na radi, hilo ni jambo jipya, na dawa zake za kawaida zaweza kumdhuru, kama nitakavyoeleza.

"Skani imesema hakuna kitu"

Mdogo wangu alipata skani baada ya pigo la nne. Hospitali moja ya mjini ikamrudisha nyumbani na karatasi iliyoandikwa kwamba ubongo uko kawaida. Karatasi haikusema uongo. Ubongo ulikuwa kawaida. Iliyougua ilikuwa mishipa, na hakuna aliyekuwa ameitazama.

Skani ya CT isiyo na dawa ya rangi huonyesha damu iliyomwagika na ubongo ulioharibika. Haionyeshi ateri iliyobana. Kwa wengi wenye ugonjwa huu skani ya kwanza ni safi kabisa. Kwa hiyo kama kilichompeleka ni radi, jibu la "hakuna kitu" lifuatwe na maswali mawili: je, damu imeondolewa shaka kabisa, na je, mishipa imepigwa picha?

La kwanza hujibiwa kwa kutoa maji ya uti wa mgongo, hasa kama saa 6 zilishapita kabla ya skani. Najua hofu iliyopo. Nimeona familia zikitia sahihi kukataa kwa kuwa jirani alifanyiwa akafa. Mara nyingi jirani yule alikuwa na homa ya uti wa mgongo, na ugonjwa ndio uliomuua. Sindano huingizwa chini kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha na yamebaki maji na nyuzi za neva. Madaktari wanatafuta umanjano unaotokana na damu iliyoanza kuvunjika, na huo huhitaji saa 12 hivi kujitokeza. Katika ugonjwa wa ateri kubanwa, maji hayo huwa safi au karibu safi.

La pili hujibiwa kwa skani inayofuata dawa ya rangi iliyochomwa mshipani, au kwa MRI ya mishipa. Hapo ndipo shanga huonekana. Lakini hata picha hii yaweza kuwa nzuri wiki ya kwanza, kwa kuwa mishipa midogo haionekani vizuri na mkazo haujafika kwenye mikubwa. Mkazo huonekana zaidi kati ya wiki ya pili na ya tatu. Picha nzuri ya siku ya tatu kwa mtu aliyepigwa mara nne irudiwe. Hili si daktari kutafuta pesa. Na anayenyonyesha asiogope dawa ya rangi. Inayoingia kwenye maziwa ni kidogo mno, hahitaji kuacha kunyonyesha.

Kwa upande huu wa nchi, hospitali za rufaa za kulenga ni Jaramogi Oginga Odinga ya Kisumu, ambayo wenyeji bado wanaiita Russia, ya rufaa ya Nakuru, ya Kakamega, na Moi ya Eldoret. Kabla ya kuondoka piga simu uulize kama mashine inafanya kazi leo. Safari ya kutoka Homa Bay mpaka mlango uliofungwa ni saa ambazo mgonjwa hana. Na mtu asikuambie lipa kwanza ndipo mgonjwa aangaliwe: Katiba, kifungu cha 43(2), inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Fungua mkoba

Wagonjwa wengi wa ateri kubanwa wana kitu walichomeza, kuvuta au kutia puani. Katika lile kundi la Paris walikuwa zaidi ya nusu. Na karibu hakuna anayekitaja, kwa sababu haoni kama ni dawa.

Mama mkwe wa mdogo wangu ndiye aliyemwaga mkoba juu ya kitanda. Ndani mlikuwa na chupa ndogo ya matone ya pua. Alikuwa na mafua tangu siku ya kujifungua, rafiki akampa, akawa anatia kutwa mara nne. Matone yale hufungua pua kwa kubana mishipa ya damu. Hiyo ndiyo kazi yake, na hayabani ya puani peke yake.

Basi beba kila kitu, hata pakiti tupu. Vinavyotiliwa shaka kubana mishipa ni hivi. Dawa za mafua zenye sudoefedrini au fenilefrini, na matone yenye oksimetazolini. Dawa za kipandauso za jamii ya triptani, na ergotamini. Ergometrini anayopewa mama kuzuia damu baada ya kuzaa, na bromokriptini ya kukausha maziwa. Baadhi ya dawa za msongo wa mawazo, kama fluoksetini na sertralini. Hizi za msongo wa mawazo usiziache ghafla kwa uamuzi wako, mwambie daktari aamue. Bangi, kokeini, na vidonge vya kukesha. Miraa na muguka nazo zitajwe, kwani zina kathinoni, ndugu wa amfetamini, inayobana mishipa na kupandisha presha. Anayetumia ARV zenye ritonavir asimeze ergotamini hata mara moja: ritonavir huizuia isivunjwe mwilini, ikajilimbikiza na kubana mishipa mpaka vidole vinaweza kufa.

Mahali pengine familia huficha bangi au miraa kwa kuogopa polisi. Daktari hana haja na polisi. Ana haja na jina la kitu.

Akishajulikana, nini kinafuata

Dawa ya kwanza ni kuondoa kilichochochea na kukaa mbali nacho. Wengi hupewa nimodipini, wengine verapamili, kulegeza misuli ya mishipa. Hushusha presha pia, kwa hiyo hazinunuliwi kemisti kwa kusimuliwa. Steroidi, kama prednisoloni na deksamethasoni, hazisaidii hapa na zimeonekana kwenda pamoja na matokeo mabaya zaidi. Ukiona sindano ya deksamethasoni inaandaliwa, una haki ya kuuliza kwa adabu, "Daktari, tumeshaondoa shaka ya ateri kubanwa?"

Nyumbani kazi kubwa ni kuzuia presha isipande kwa ghafla. Hakuna kubeba maji, kulima wala tendo la ndoa mpaka daktari aruhusu, kwa kawaida baada ya wiki kadhaa. Maji ya kuoga yawe vuguvugu. Choo kiwe laini: mrenda, managu, papai, maji ya kutosha, na dawa ya kulainisha kama haitoshi. Nimeona familia zikipuuza hili la choo kwa kuwa linaonekana dogo, na mgonjwa akapigwa tena akiwa hospitali, mlango wa msalani ukiwa umefungwa kwa ndani. Asifunge kwa ndani. Wageni wa kumwona mtoto wapunguzwe, na ugomvi wa nyumba, kama upo, usimame.

Ukifika mapokezi usiseme, "Kichwa kinamuuma." Utaelekezwa kwenye benchi. Sema, "Kichwa kilifika kileleni ndani ya dakika moja, akiwa anafanya kitu fulani, saa fulani, ni mara ya ngapi, amejifungua au hajajifungua, dawa zake ni hizi." Ziandike tarehe, kwa kuwa siku ya tatu utazichanganya.

Mama mkwe yule hakusoma sana, lakini alikuwa ameziandika. Kila pigo alilitia alama nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, akaing'oa kalenda yote akaenda nayo hospitali ya pili. Daktari aliitazama ile karatasi kabla ya kutazama skani, akaomba picha ya mishipa jioni ile. Shanga zilikuwepo pande zote mbili. Wiki ya kumi na mbili picha ikarudiwa, na mishipa ilikuwa imefunguka. Tarehe ile naye akaitia alama, ya bluu.